Elbo niliyoichanganya kwa jicho

Najua nimepotea. Kuna waliosema nimepata supu tatu nikakimbia chuo. Hapana jamani, nipo, hosteli ile ile, kitanda cha juu kile kile, na jirani wa chini anakoroma vile vile. Ni kwamba kuna jambo lilinitokea, nikawa naona aibu kuliandika, na kila nikitaka kuandika kingine hili linanikaa kooni. Leo naliandika. Ni refu kidogo, kamata chai kabisa.

Mnakumbuka niliwahi kuwaambia kwamba Jumamosi huwa sionekani chuoni. Wengine mkazusha kwamba nina mchumba Kigamboni, teh teh. Ukweli ni kwamba mjomba wangu, mdogo wake mama, ni fundi wa faiba. Karakana yake inatengeneza mabampa ya magari, matangi na viboti vya wavuvi. Bumu likikata (na sote tunajua bumu hukata kabla mwezi haujakata), mimi hushuka kwa mjomba kupiga msasa. Elfu kumi kwa siku na ubwabwa wa mchana. Kwa mwanafunzi wa ualimu wa fizikia na hisabati siyo haba.

Basi siku moja akaja mzee mmoja pale karakana. Ni fundi wa ndege mstaafu, amekaa kwenye mahanga miaka mingi kuliko umri wangu. Jina lake silitaji, mwenyewe hapendi. Mzee huyu anajenga ndege. Msicheke. Ndege ya kweli, ya viti viwili, anajenga kwa michoro ndani ya banda nyuma ya nyumba yake, kidogo kidogo, pensheni ikiruhusu. Nilipoingia kwenye lile banda mara ya kwanza nilisimama mlangoni nikasahau hata kuamkia.

Kwa wageni wa ukurasa huu niwaeleze kwa nini. Mimi ni mtoto wa Migato, Simiyu. Zamani tulikuwa Bariadi ya mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012 mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa tukajikuta tuko wilaya mpya ya Itilima, lakini mama ukimuuliza kwao ni wapi bado anajibu Bariadi. Kwetu ni pamba, ng'ombe na jua. Upande wa mashariki ndiyo Serengeti, kwa hiyo tangu utoto tunaona vindege vya watalii vikipita juu. Ukivisikia unaacha jembe, unakimbia na wenzako mpaka mwisho wa shamba mkipunga mikono, kama vile rubani atawaona. Na hapo nilikuwa nimesimama mlangoni mwa banda, kindege kama vile kiko mbele yangu, bila mabawa, bila rangi, naweza kukishika.

Alichotaka mzee kwa mjomba kilikuwa kitu kidogo tu: elbo. Siyo ya maji, ya hewa. Lile bomba lililokunjwa linalotoka kwenye eakilina kupeleka hewa kwenye injini.

Hapa nivae ualimu dakika moja. Watu wengi wakifikiria injini wanafikiria mafuta. Lakini ili uchome vizuri kilo moja ya petroli unahitaji karibu kilo 15 za hewa. Na hewa ilivyo nyepesi, kilo 15 ni kama mita za ujazo 12, karibu nusu ya chumba chetu cha hosteli, kwa kilo moja tu ya petroli. Injini kazi yake kubwa ni kuvuta pumzi. Ziba pua yake na imekwisha, hata tangi likiwa limejaa pomoni. Gari likizima unasogea pembeni, unafungua boneti, watu wanakuja kukushauri. Juu hakuna pembeni.

Sasa kwa nini faiba na siyo bati? Kwa sababu ni nyepesi, na kwa sababu nafasi kwenye ile injini ni finyu, elbo inapinda huku inapanuka, kulifinyanga bati hivyo ni shughuli. Faiba unaipa umbo unalotaka. Na kama jina linakutisha, usitishike, ni ujuzi wa bibi yangu. Nyumba yake ya zamani pale Migato ilikuwa ya udongo uliochanganywa na manyasi. Udongo peke yake ukikauka unapasuka, manyasi peke yake hayasimami. Ukiyakanda pamoja, manyasi yanazuia ufa usitembee na udongo unayashika manyasi mahali pake. Faiba ndiyo hivyo hivyo: kitambaa cha nyuzi za kioo badala ya manyasi, rezini badala ya udongo. Hata pamba yetu inafaa. Lile gari la Ujerumani Mashariki, Trabant, mabati yake mengi hayakuwa mabati, yalikuwa masalia ya pamba yaliyogandishwa kwa rezini kwa joto na mgandamizo. Walilitengeneza kuanzia 1957 hadi 1991. Nilipomwambia mama kwamba pamba inatengeneza gari aliniangalia kama nimeanza kuvuta bangi.

Turudi kwa elbo. Njia yenyewe mzee ndiye alituelekeza. Unachukua lile povu jeupe linalokuja na TV kwenye boksi, unalichonga kwa kisu na msasa mpaka lipate umbo la ndani ya elbo. Unalizungushia vitambaa vya faiba, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka unalilowesha rezini na kutoa mapovu kwa brashi. Ikikauka unamwagia petroli ndani, povu linayeyuka, linabaki bomba tupu. Mchezo mtamu sana, wanafunzi wangu wa baadaye wataupenda.

Ila kuna jambo moja. Rezini tuliyozoea pale kwa mjomba ni poliesta, ile yenye harufu inayoshika kichwa. Ukiipaka juu ya povu lile inalila, inaliyeyusha kabla hujamaliza. Kwa hiyo elbo ilitakiwa epoksi. Mzee akaleta makopo yake mawili, rezini na hadina, na mizani ndogo kama ile ya wauza dhahabu. Kopo lilikuwa limeandikwa wazi: kila gramu 100 za rezini, gramu 30 za hadina. Akatuambia: "Pimeni. Kisha ikikauka mniletee niioke kwenye oveni, joto lipande taratibu. Msipopima mtaniua." Tukacheka. Na yeye alicheka.

Jumamosi iliyofuata mjomba alikwenda msibani. Nilibaki peke yangu, povu limeshachongwa, vitambaa vimeshakatwa. Mizani nikaiwasha, betri imekufa. Dukani ni mwendo wa dakika ishirini kwenda na kurudi, jua la Dar linawaka, na Jumatatu nilikuwa na testi ya kalkulasi ambayo sijaisoma hata ukurasa. Nikajiambia, si nimechanganya poliesta mara mia kwa jicho tu? Nikachukua kikombe cha plastiki, nikakisia. Na ili ikauke haraka niwahi daladala, nikaongeza hadina kidogo. Nikaongeza tena kidogo.

Wanaojua wameshashika kichwa. Sisi wengine tueleweshane. Kwenye poliesta kile cha pili unachoweka ni kichochezi tu, kiasi kidogo sana kama asilimia moja au mbili, ukiongeza inawahi kuganda. Kwenye epoksi siyo kichochezi. Hadina yenyewe ni sehemu ya mwili, inashikana na rezini mkono kwa mkono. Ikizidi, zile za ziada hazina wa kushikana naye, zinabaki zimezubaa mle ndani. Kitu kinakauka, kinang'aa, ukikigonga kinalia, lakini ndani ni dhaifu, na kwenye joto kinalegea mapema. Haya yote nayajua sasa. Siku ile nilijua daladala tu.

Ilitoka nzuri jamani, acha kabisa. Laini, inang'aa kama kioo. Nikakata ncha zake kwa grainda, nikaipiga msasa. Mjomba aliporudi akaisifia. Mzee akaja kuichukua, akaigeuza geuza, akauliza: "Mlipima?" Na mimi, mwalimu mtarajiwa, nikasema: "Tulipima, mzee."

Akanipa elfu sitini mkononi. Nikamwona anaipitisha kidole ndani, anatabasamu. Akasema oveni yake imeharibika, ataioka ikipona, kwa sasa ataijaribu tu kama inakaa mahali pake. Kisha akaongeza: "Mwalimu, ndege hii ina viti viwili. Siku TCAA wakinipa ruhusa, na nikisharuka peke yangu vya kutosha, cha pili ni chako. Tutakwenda mpaka kwenu uione Migato kwa juu."

Usiku ule nilimpigia mama kumwambia kuhusu kiti. Kuhusu mizani sikumwambia.

Miezi ikapita. Likizo ya Krismasi nikapanda basi kwenda nyumbani, Dar hadi Bariadi, makalio yakafa ganzi, kisha bodaboda kwenye tope maana mvua zilikuwa zimeshaanza na watu wako mashambani wanapanda pamba. Kwenye begi nilikuwa na kipete cha faiba, kipana kama bangili, nilichokikata kwenye ncha ya ile elbo nikakiweka kama kumbukumbu. Nilitaka kumwonyesha mdogo wangu aliyekuwa amemaliza kidato cha pili, maana ni mpenzi wa mambo hayo. Alikipokea kwa mikono miwili. Akalala nacho chini ya mto.

Jioni moja tumekaa nje anaanza maswali yake. Kaka, ni kweli kuna yule jamaa wa Tunduma aliyetengeneza helikopta? Nikamwambia ndiyo, Adam Kinyekile, fundi wa gereji, habari zake zilisambaa sana. Na Kenya alikuwepo Gabriel Nderitu, mtu wa kompyuta, aliyejenga ndege kwa kusoma intaneti akafunga injini ya gari la Toyota. Akauliza, ziliruka? Nikamwambia kwamba zilichopata nyingi ni vicheko vya watu. Akauliza, wanachekwa kwa nini? Nikasema, kwa sababu watu wakisikia kimetengenezwa nyumbani wanajua hakifai. Akakitazama kipete. "Lakini hiki kinafaa, si ulipima?"

Sikujibu. Nikachukua simu kama mtu aliyepata meseji.

Na hapo ndipo nilipokutana na habari yenyewe, maana mitandao ukishasoma mambo ya ndege inakuletea ndege tu. Uingereza, Machi 2025, uwanja wa Gloucestershire. Ndege ndogo aina ya Cozy Mk IV, hizi hizi za kujengwa na mwenyewe kwa povu, faiba na epoksi, ilikuwa inakuja kutua. Injini ikapoteza nguvu. Ikafika chini kabla ya uwanja, ikagonga mitambo ya kuongozea ndege, ikaharibika vibaya. Rubani, namshukuru Mungu, alitoka na majeraha madogo. Wachunguzi wao wa ajali za ndege, AAIB, walitoa ripoti Desemba 2025. Walikuta kitu gani kimelegea, kimejikunja na kuziba hewa?

Elbo.

Nilisoma nimesimama. Elbo yenyewe ilikuwa ya plastiki iliyochapwa kwa printa ya 3D, amenunua kwenye maonyesho ya ndege Marekani. Aliyenunua alielewa kwamba plastiki ile, iliyochanganywa na nyuzi za kaboni, haianzi kulainika mpaka nyuzijoto 105. Walipoipima maabara ikakutwa inalainika kwenye 53 na 54. Michoro ya ndege ile inataka elbo ya faiba na epoksi, na epoksi yake iliyotajwa huvumilia mpaka 84, tena mdomoni mwa elbo michoro inataka kipande cha bomba la alumini cha kuishikilia isijikunje. Ile ya kununua haikuwa nacho.

Sasa 54 ni joto gani? Siyo joto la ajabu. Gari lililofungwa vioo juani mchana linafika huko. Bati la nyumba yetu Migato mchana wa Oktoba huwezi kuliwekea kiganja. Na pale pembeni ya injini ya ndege, iliyofunikwa ndani ya boneti, ni zaidi ya bati.

Asubuhi nikaenda kuazima kipimajoto kwa mwalimu wa kemia wa sekondari ya jirani. Nilimkuta anachunga mbuzi wake. "Mwangaluka, mwalimu." Akanipa bila maswali mengi, akasema tu nisikivunje, anacho hicho na kingine. Nyumbani nikawasha jiko la mkaa, sufuria ya maji, mdogo wangu kashika daftari. Nikamwambia tunafanya jaribio. Kipete tukakipitisha kamba, chini tukafunga jiwe, tukakining'iniza ndani ya maji kwenye kijiti. Kila nyuzi tano namwambia andika.

Thelathini, hakuna kitu. Thelathini na tano, hakuna. Arobaini, hakuna. Nilianza kupumua. Arobaini na tano, mdogo wangu akasema, "Kaka, kama kimekuwa yai." Nikasema macho yako. Arobaini na nane kilikuwa yai kweli. Hamsini na mbili jiwe likagusa kitako cha sufuria. Nikakitoa, nikakibonyeza kwa vidole viwili. Kilibonyea kama chapati ya moto.

Mdogo wangu alifurahi sana. Kwake lilikuwa jaribio limefaulu. Akaandika: "48, yai. 52, jiwe chini." Kisha akainua kichwa. "Sasa kaka, kile cha kwenye ndege ya mzee?"

Sikilizeni, humu wengi wetu ni watu wa elimu, tusidanganyane. Tunajua kupika data. Maabara ya mwaka wa kwanza, pendulamu inakupa 9.2, unajua jibu ni 9.8, unarudi nyuma kwenye jedwali unazirekebisha namba mpaka mstari unanyooka, na mkufunzi anakupa tiki. Nimefanya. Umefanya. Tunaita ujanja. Sikuwahi kufikiri kama ni jambo lenye uzito, kwa sababu pendulamu haibebi mtu. Ila mkono uliopika jedwali ndiyo mkono uleule ulioshika kikombe cha plastiki, na mdomo uliosema "tulipima, mzee" ulikuwa umeshazoezwa.

Serengeti hii hii ya jirani ndiko alikoangukia Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekuwa anahesabu wanyama na baba yake kwa ndege yenye mistari ya pundamilia. Ilikuwa Januari 1959, ndege yao iligongana na tumbusi. Alikuwa na miaka 24, karibu rika letu. Kwake alikuwa tumbusi. Kwa mzee angekuwa ni mimi.

Nikapanda kwenye kichuguu nyuma ya nyumba ambako mtandao unashika, nikapiga. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwalimu, huko kwenu mvua zinanyesha?" Nikasema zinanyesha. Kisha nikasema: "Mzee, ile elbo sikuipima. Betri ya mizani ilikufa. Nilikisia." Kimya. Nikasikia redio yake kwa nyuma. Nikaendelea, nikamweleza kipete, sufuria, jiwe.

Hakunifokea. Aliuliza swali moja: "Ililegea nyuzi ngapi?" Nikasema arobaini na nane. Akasema, "Umeandika?" Nikasema dogo ameandika. "Usilipoteze hilo daftari." Akakata simu. Wadau, angenifokea ningelala vizuri zaidi.

Niliporudi Dar nilikwenda kwake kabla hata sijafika hosteli. Elbo ilikuwa mezani. Injini ilikuwa bado haijawashwa hata mara moja, kwa hiyo haikuwa imemdhuru mtu. Akanipa msumeno. Nikaikata katikati mwenyewe, kazi yangu nzuri kuliko zote. Nikamrudishia elfu sitini, niliyoiazima kwa watu watatu tofauti (mnajijua, nitawalipa). Akaipokea. Nilidhani ataikataa kama kwenye sinema. Aliihesabu, akaiweka mfukoni.

Kisha akasema: "Jumamosi njoo. Tunaanza upya."

Ya pili tuliifanya tofauti. Betri mpya ya mizani, na ya akiba. Kila mchanganyo unaandikwa: tarehe, saa, gramu za rezini, gramu za hadina, nani amechanganya, anasaini. Kila kikombe kinachochanganywa, kidogo kinamwagwa pembeni na kitambaa chake kutengeneza kipande cha ushahidi chenye namba sawa na kazi, kinakwenda kila inakokwenda kazi. Mdomoni tukaweka pete ya alumini aliyoichonga fundi wa mashine. Ilipokauka tukaisubiri siku kadhaa, kisha ikaingia kwenye oveni iliyotengenezwa, joto likapanda taratibu. Hilo la kuoka siyo mapambo. Epoksi iliyokauka kwa joto la kawaida tu kikomo chake hakiendi mbali. Ukiipasha polepole, zile mikono zilizobaki zinashikana na kikomo kinapanda. Mjomba naye alikuja kuangalia, miaka yote kwenye faiba, akasema hili hakulijua. Sasa na yeye amenunua mizani.

Tukapima kipande cha ushahidi kwa njia ile ile ya jiko na sufuria. Hamsini, sitini, sabini, kimetulia. Themanini na tano kikaanza kulegea kidogo. Nilifurahi nikaruka. Mzee akaandika 85, akapiga mstari, akasema: "Sasa tujue kule ndani ya boneti ni ngapi." Anataka kufunga vipimajoto pembeni ya injini, ndege ikiwa imefungwa kamba chini, iungurume saa nyingi, na hasa apime baada ya kuizima, maana upepo wa panga ukisimama joto lote linabaki limekaa mle ndani. Kama namba ya boneti itasogelea namba ya elbo, faiba itatundikwa ukutani kama picha na itawekwa ya alumini yote. Hana mapenzi na elbo yangu. Ana mapenzi na namba.

Kwa hiyo ndege haijaruka. Huenda ikachukua miaka, na ruhusa za TCAA bado ziko mbele. Nilimuuliza kwa woga kama kile kiti cha pili bado ni changu. Akasema, "Kiti kipo. Wewe endelea kupima."

Nimeandika haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, nilimdanganya mdogo wangu pale nje, niliposema watu wanacheka kwa sababu cha nyumbani hakifai. Siyo kweli. Ile elbo ya Uingereza haikupikwa kwenye banda la mwenye ndege, ilinunuliwa kwenye maonyesho, imechapwa kwa mashine, na ikalegea nyuzi zile zile karibu na yangu. Na kule Morogoro kampuni ya Airplanes Africa Limited imetengeneza ndege ndogo za Skyleader hapa hapa Tanzania, mikono ya hapa hapa. Siyo mahali kilipotengenezwa. Swali ni kama aliyekitengeneza anaweza kukuonyesha namba, na kama namba hizo hakuzipika.

Ya pili, mwaka kesho kutwa wengi wetu tutakuwa tumesimama mbele ya watoto wa watu na chaki. Mtoto atakuletea jedwali lenye 9.2 na uso wa wasiwasi. Nimeshaamua nitampa tiki, nimuulize tu kamba yake ilikuwa na urefu gani na alihesabu vipi. Yule mwenye 9.8 kamili kwenye kila mstari ndiye nitakayekaa naye.

Daftari la dogo liko Migato, ukurasa ule wa yai na jiwe. Nimemwambia asiuchane.

Haya, ndiyo hivyo. Aibu imenitoka, mnaweza kunicheka sasa, ila mkinikuta kantini msiniite Elbo, tafadhali. Wiki ijayo panapo majaliwa nitaandika kuhusu yule panya wa rumu namba 14. Testi njema kwa wenye testi, na wale watatu, hela zenu zinakuja bumu likitoka.